Nani wa Mwisho Hapa

Jumamosi ile Baba Pacha alipakua chakula cha mchana kwenye sahani nne.

Mezani walikuwa watano: yeye mwenyewe, mkewe Mama Pacha, wavulana wao mapacha wa miaka kumi na miwili, na binti yao wa miaka sita ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi. Kitinda alikaa mbele ya meza tupu, mikono mapajani, akimtazama baba yake anavyotafuna.

"Baba," akasema mwishowe, "kwani mimi leo sili?"

Mapacha wakaangua kicheko. Baba Pacha, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari, alijipiga kofi kwenye paji la uso, akainuka kuleta sahani ya tano.

"Uzee huo umebisha hodi," akasema. "Mwalimu wa hesabu mzima, kuhesabu watu watano kumenishinda!"

Mama Pacha naye alicheka, lakini akaacha ghafla. Juu ya harufu ya mchuzi ilikuwa imeingia harufu nyingine: harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi. Aligeuza shingo. Pasi yao ilikuwa kabatini, waya umezungushiwa mwili, haijaguswa tangu Jumatano.

"Kuna mtu anapiga pasi?"

"Pasi saa hizi?" mumewe akauliza. "Kula bwana, chakula kinapoa."

Akala. Harufu ilikaa puani mwake hadi walipoosha vyombo, kisha ikaondoka yenyewe kama mgeni aliyechoka kungoja.

Jumatatu Mama Pacha alirudi kutoka kazini saa tisa alasiri, akamkuta Kitinda sebuleni anachora. Hajavua hata viatu alisikia cherehani. Ilikuwa cherehani ya miguu, ile ya kukanyaga: taka-taka-taka-taka, kimya kidogo kama mtu anageuza kitambaa, kisha taka-taka-taka tena. Ilitoka chumba cha mapacha, na mapacha walikuwa bado mpirani. Nyumba ile haikuwahi kuwa na cherehani.

Alisukuma mlango. Mlio ulikatika. Chumba kilikuwa kitupu, jua limelala juu ya vitanda, na kiti cha meza ya kusomea kimevutwa nyuma kama cha mtu aliyeinuka sasa hivi. Mama Pacha aliweka kiganja juu ya kiti. Kilikuwa na joto.

"Mama, yule mama ameshaondoka?" Kitinda aliuliza kutoka mlangoni.

"Mama gani?"

"Yule mwenye mkoba. Jana alisimama mlangoni akauliza, 'Nani wa mwisho hapa?' Na leo tena."

Mama Pacha alikiacha kiti, akamfuata. Alichuchumaa, akamshika mtoto mabega. "Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mimi." Kitinda alishangaa kuulizwa. "Si ndiye mimi?"

Sasa hapa inabidi tuseme jambo ambalo Mama Pacha hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mto wake wa kulalia.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za tovuti. Kampuni yao ndogo, ya watu sita na birika moja la chai, ndiyo iliyoitengenezea hospitali ukurasa wa foleni ya upasuaji wa moyo. Madaktari bingwa walifika mara mbili kwa mwaka. Mgonjwa akiandikishwa, jina lake linaingia mkiani mwa orodha. Akihamia hospitali nyingine au akighairi, karani wa mapokezi anabonyeza kitufe cha "Ondoa", na jina linatoka. Mistari ile ya kuondoa jina aliiandika yeye kwa mikono yake, alasiri moja, akiwa mbio mbio kumwahi Kitinda chekechea.

Kumtia mtu kwenye orodha ni rahisi. Kumtoa ndiko kwenye mtego. Kwanza unaiuliza mashine: fulani yuko nafasi ya ngapi? Halafu unaiambia: mtoe aliye nafasi hiyo. Sasa, ikiwa fulani hayupo, mashine haisemi "hayupo" kama mtu mwenye adabu zake. Inajibu "hasi moja". Na ukiiambia imtoe aliye nafasi ya hasi moja, haigomi wala haiulizi. Inahesabu kuanzia mkiani, inamng'oa wa mwisho. Kila anayejifunza kazi hiyo hufundishwa kuweka mlinzi hapo katikati: jibu likiwa hasi moja, usiguse mtu. Ni mstari mmoja tu. Mama Pacha hakuuweka.

Mtandao wa hospitali ulikuwa wa kusuasua. Siku moja karani alibonyeza "Ondoa" ili kumtoa mgonjwa aliyehama, akaona kimya, akabonyeza tena. Mara ya kwanza alitoka aliyestahili kutoka. Mara ya pili mashine ilimtafuta yule yule, ikamkosa, ikamng'oa wa mwisho.

Wa mwisho siku hiyo alikuwa mshonaji nguo, mwanamke wa makamo aliyeandikishwa asubuhi ile ile. Siku ya madaktari alifika na mkoba wa nguo za kulazwa, akauliza nani wa mwisho, akaketi kwenye benchi hadi alasiri. Jina lake halikuitwa. Aliambiwa hayumo, arudi nyumbani, ajiandikishe kwa msimu ujao. Alikufa baada ya wiki saba.

Karani aliapa kwa kila kiapo kwamba alimwandika. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, ishirini na minane kati ya hiyo kwenye dirisha lile lile. Mkurugenzi wa hospitali akaiuliza kampuni. Mama Pacha alifungua kumbukumbu za mfumo, akaona mibonyezo miwili iliyopishana kwa sekunde mbili, na pale pale akaelewa kila kitu. Aliuweka ule mstari. Kazi ya dakika nne. Kisha akaiandikia hospitali: "Mfumo umekaguliwa na hauna hitilafu. Inaelekea jina halikuwahi kuingizwa." Sentensi ya kwanza ilikuwa kweli, ingawa ukweli wake ulikuwa na umri wa dakika nne. Ya pili ilikuwa uongo mtupu. Karani akarudishwa nyumbani kwa uzembe, na meneja akamsifu Mama Pacha mbele ya wenzake kwa kujibu upesi. Alisema asante. Mpaka leo, neno hilo "asante" ndilo linalomuunguza kuliko yote.

Sasa alikuwa amechuchumaa chumbani mwa wanawe, mtoto mkononi, harufu ya pasi imejaa hewani.

"Akija tena usimjibu," akanong'ona. "Umesikia? Hata akikuuliza kwa upole."

"Anauliza kwa upole sana, Mama," Kitinda akanong'ona pia.

Jumanne Kitinda alirudi kutoka shuleni amenuna. Mwalimu amesoma majina ya darasa zima, amemruka. Mama Pacha alipiga simu shuleni, na mwalimu, mama mchangamfu aliyemjua vizuri, akacheka kwa aibu: "Samahani mama, labda umekosea namba. Wewe si una wavulana wawili tu, wale mapacha?" Jumatano mapacha waliingia ndani na kumfungia mdogo wao mlango usoni, na walipogombezwa wakatazamana kama watu wanaogombezwa kwa lugha ya kigeni. Alhamisi, wakati wa chai ya jioni, Baba Pacha alimsogelea mkewe sikioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayechelea kumuudhi mgeni.

"Mama Pacha," akanong'ona, "huyu mtoto ni wa nani? Kwao hawamtafuti?"

Kitinda alisikia. Hakulia. Aliangusha macho, akaanza kufuta kwa kidole tone la chai mezani, taratibu, kama anayejisafisha asiache alama.

Ijumaa mchana wenzake walikwenda kula, Mama Pacha akabaki peke yake ofisini. Alikuwa ameandika barua kwa mkurugenzi wa hospitali, akaifuta. Akaandika nyingine, akaifuta nayo. Mwenzako akiwa na donda utamwambia alioshe, lakini lako unalifunika kwa kitambaa kisafi na kujipulizia manukato. Saa saba na nusu, jua likiwaka madirishani na magari yakipiga honi barabarani, cherehani ilianza.

Ilitoka chini, mapokezini, taka-taka-taka, na Mama Pacha akajikuta anashuka ngazi ingawa kila mfupa mwilini ulimwambia apande, akashuka akishikilia ukuta kwa kiganja kilicholowa jasho, na kila ngazi aliyokanyaga harufu ya pasi ilizidi kuwa nzito mpaka akaionja ulimini, na alipofika chini akamwona mwanamke ameketi kwenye benchi la wageni, amempa mgongo, mkoba mapajani, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri kama cha mtu anayekwenda kuonana na daktari, na mikono yake ilikuwa imetulia juu ya mkoba, kidole cha kati kimevikwa kile kikofia cha chuma cha washonaji, lakini miguu haikutulia, ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, inakanyaga kitu ambacho hakikuwepo, na mlio wa cherehani ulitoka chini ya nyayo zile, sakafuni patupu, taka-taka-taka, mpaka miguu iliposimama ghafla na ile shingo ikaanza kugeuka, polepole mno, ikapita pale ambapo shingo ya binadamu hukoma, na sauti ya upole, yenye subira ya mtu aliyezoea foleni, ikauliza:

"Nani wa mwisho hapa?"

Mama Pacha hakungoja kuona uso. Wenzake walimkuta barabarani, kiatu kimoja mguuni.

Kulikuwa na mzee mmoja kando ya soko, fundi wa miavuli, ambaye watu walimwita Bwana Miavuli. Mchana kweupe walimletea miavuli iliyovunjika mbavu, na kwa kunong'ona walimletea jamaa zao walioingiwa na majini. Ijumaa hiyo hiyo alasiri Mama Pacha alikwenda kwake.

"Nina rafiki yangu mmoja," alianza, "ana shida kidogo..."

"Mwambie huyo rafiki yako aketi," Bwana Miavuli akasema, akisukuma kigoda kwa mguu bila kuinua macho kwenye waya aliokuwa anaunyoosha. "Tena umekuja naye na harufu ya pasi."

Mama Pacha akaketi. Akaanza na uongo, akachoka nao katikati, akasema yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Marehemu wa watu msimsingizie," akasema. "Mshonaji yule amelala zake, hana shughuli na wewe. Huyo ni jini. Mtu akitolewa mahali pake kwa haki, pengo linajifunga. Akitolewa kwa dhuluma, halafu watu wakaambiwa hakuwahi kuwepo, pengo linabaki wazi. Na jini anapenda kiti kitupu kama paka anavyopenda jiko lenye joto. Ameketi hapo, amevaa harufu ya mwenye kiti, amevaa na mlio wa kazi yake. Sasa anaiendeleza foleni yako. Kila penye watu, anamtoa wa mwisho."

"Mbona mimi bado namkumbuka mwanangu?"

"Kwa sababu mkono uliofuta ni wako. Wengine wote watasahau. Wewe ndiye utakayebaki na pengo lake."

Mama Pacha alifunika uso. "Mtoe, mzee wangu. Nitakufanyia lolote."

"Jini aliyeingia kwa dirisha namtoa kwa dirisha. Huyu umemfungulia mlango na kumvutia kiti. Utamtoa wewe." Alifungua mwavuli, akaujaribu, akaufunga. "Nenda pale marehemu alipofukuzwa. Awepo yule uliyemsingizia, na ndugu wa damu wa marehemu. Useme kilichotokea. Na usikisemee mbali kana kwamba kilijitendea chenyewe, umenisikia? Jini anajua tofauti." Halafu akamkazia macho. "Aliyetolewa hivyo alikuwa peke yake?"

"Ndiyo," Mama Pacha alijibu upesi.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kuangalia. Siku ile alipouona mbonyezo mmoja wa pili, aliifunga kumbukumbu haraka, kama mtu anayefunga mlango wa choo cha wenyewe.

Jumatatu saa nne asubuhi walikutana kwenye ujia wa hospitali, mbele ya benchi refu la mbao. Mkurugenzi alikuja kwa sababu Mama Pacha alimwambia kwenye simu kwamba ripoti ilikuwa na kasoro. Karani alikuja amevaa shati lake la kazini lililopigwa pasi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia anaitiwa nini, na alitumaini. Mdogo wake marehemu, mwanamke mwenye sare ya mpishi wa shule, alisimama kando na mikono kifuani. Mama Pacha alikuwa amemshika Kitinda. Mkono wa mtoto ulikuwa mwepesi kama karatasi, na hakuna aliyemsalimu. Asubuhi hiyo baba yake alikuwa amevuta kiti alichokalia binti yake, akataka kumkalia.

Benchi lilikuwa tupu. Lakini cherehani ilikuwa inalia, na Mama Pacha alijua ni yeye tu na Kitinda wanaoisikia.

"Kulikuwa na hitilafu," akaanza.

Taka-taka-taka.

"Mfumo ulikuwa na kasoro ndogo, ambayo kwa bahati mbaya..."

Mlio ulizidi. Kidole cha Kitinda kilianza kuteleza kutoka mkononi mwake, si kama kidole kinachovutwa, bali kama kidole kinachopungua. Mama Pacha aliangalia chini, akaona sakafu kupitia kiatu cha mwanawe.

"Mimi!" alipaza sauti, na wauguzi wakageuka ujia mzima. "Ni mimi. Kazi yangu ilikuwa na kosa, na kosa hilo likamtoa dada yako. Mzee huyu alimwandika. Alimwandika vizuri. Nililiona kosa langu, nikalirekebisha kwa siri, nikaandika kwamba halikuwepo. Nilijua ni uongo nikiuandika. Nikasifiwa, nikasema asante."

Cherehani ilikatika. Kitu kilipumua kutoka kwenye benchi, pumzi ndefu yenye mvuke, na mbao zikalia kama mtu mzito ameinuka. Harufu ya pasi ikapita katikati yao kuelekea mlangoni, na mkurugenzi akapiga chafya. Mkono wa Kitinda ukajaa.

Kisha mdogo wake marehemu akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo dada alikuwemo?"

"Alikuwemo."

"Sisi tulimgombeza." Mwanamke alikuwa anajisemea. "Tulimwambia umezembea kujiandikisha, umezoea kuahirisha mambo yako. Akaapa. Tukamwambia acha uongo, mtu mzima wewe. Amekufa tumemnunia."

Mama Pacha alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka. Karani alikuwa amekaa, si kwenye benchi, bali sakafuni, mgongo ukutani, miguu mbele kama mtoto.

"Mimi nilidhani akili zimeniondoka," akasema. "Nilikuwa na uhakika nilimwandika, mkaniambia kwa maandishi kwamba sikumwandika. Nikasema basi, ndio uzee. Nimeacha hata kujiamini kufunga jiko la gesi. Kila Ijumaa naenda kaburini kwa mama yule kumwomba radhi." Aliinua macho. "Miezi minane, binti yangu. Ulikuwa unalala?"

"Nilikuwa nalala," Mama Pacha akasema, maana kusema uongo hapo asingeweza tena.

Alidhani yameisha. Alasiri alifika nyumbani, na Baba Pacha akamtazama Kitinda na kutabasamu. "Karibu, mtoto mzuri," akasema. "Unaitwa nani?"

Alimwona, basi. Lakini hakumjua. Na kutoka chumba cha mapacha, Mama Pacha akasikia kitu kinakwaruza: krrr, krrr, krrr, kwa mwendo mrefu wa mkono uliozoea. Randa juu ya ubao. Hewani kulikuwa na harufu ya mbao mbichi na gundi. Sauti nzito ya kiume, yenye upole ule ule, iliuliza kutoka nyuma ya mlango:

"Nani wa mwisho hapa?"

Kesho yake alizifungua kumbukumbu zote, meneja akiwa amesimama nyuma yake, amekunja uso. Safari hii hakufunga. Mibonyezo miwili miwili ilikuwa minne. Wa kwanza mshonaji. Wa pili alijiona hayumo, akafanya fujo dirishani, akaandikishwa upya, akapasuliwa, akapona. Wa tatu alikuwa seremala. Wa nne msusi, mwanamke wa miaka ishirini na saba. Meneja alimwambia akabidhi kompyuta kabla ya saa sita. Wenzake walishughulika na birika la chai ili wasilazimike kumuaga.

Hakujua seremala alikaa wapi. Anwani zilikuwa kwenye daftari la Karani, ambalo halikuweza kuthibitisha nani aliingizwa kwenye mashine, lakini aliliandika maana mzee yule hakuwahi kuiamini mashine peke yake. Mama Pacha alimfuata nyumbani, akasimama nje ya mlango.

"Nitakupeleka," Karani akasema, akivaa kofia. "Lakini tusidanganyane, sijakusamehe. Naenda kwa sababu watu hao niliwaandika mimi."

Mjane wa seremala aliwapokea uani, katikati ya fremu za vitanda ambazo hazikumaliziwa. Ilikuwa miezi tisa tangu afiwe, na alimsikiliza Mama Pacha bila kumkatiza, akiokota vipande vya mbao na kuvipanga ukutani. Safari hii Mama Pacha alianza na "mimi". Alipomaliza, mjane alipanga kipande cha mwisho.

"Umeshamaliza kusema?"

"Nimemaliza."

"Basi toka kwangu."

Wakatoka. Nyuma yao, uani, kulipita pumzi ndefu, na vumbi la mbao likainuka kidogo na kutua. Wakiwa bado getini simu ya Mama Pacha ikalia.

"Mama Pacha, plasta mliziweka wapi?" Mumewe alikuwa anahema, na nyuma yake kulikuwa na kilio kikubwa cha mtoto. "Kitinda kaanguka na baiskeli ya kaka zake, kachubuka goti, anapiga kelele utadhani kakatwa mguu. Na hao wajinga wawili wanamcheka. Kitinda, nyamaza basi, mama yako anasikia!"

"Droo ya juu," Mama Pacha akasema. Akaegemea ukuta wa mjane wa watu na kulia mpaka kifua kikauma, akiziba mdomo kwa mkono ili asisikike ndani, kwa kuwa hakuwa na haki ya kulilia pale.

Karani alingoja. Alipoona ametulia, alifungua daftari.

"Bado mmoja. Msusi."

Mama Pacha alinusa hewa. Hakukuwa na harufu yoyote isiyo ya mtaa. Alitega sikio: magari, mtu anaita kuku, redio. Jini alikuwa ameondoka, mtoto amerudi, na hakuna kilichokuwa kinamsukuma tena.

"Huyu wa nne hakuja kwangu," akasema polepole. "Sikumsikia. Maana yake yuko hai."

"Yuko hai ndiyo. Kiti chake bado anakikalia mwenyewe, jini atapata wapi?" Karani alimtazama. "Mkurugenzi amesema ataandikiwa barua. Kwamba jina lake limerudishwa, la kwanza kabisa, madaktari wakija baada ya miezi mitano. Ukitaka, unaweza kwenda nyumbani."

Alitaka. Hilo nalo alijionea aibu: alitaka sana. Woga ulikuwa umemshuka mabegani, na bila woga hatua za miguu zilikuwa nzito mara mbili. Ukimwogopa jini utakwenda kwa mganga. Aibu ile haikuwa na mganga wala dirisha la kutokea.

"Ni mbali?" akauliza.

"Mtaa wa pili."

Msusi alikaa chumba cha mbele cha nyumba yenye mlango wa bluu. Alikuwa anamsuka mteja, nusu ya kichwa imekwisha, nusu imesimama wima. Alikuwa mwembamba, midomo ina rangi ya majivu, na kila baada ya msuko mmoja alishusha mikono na kupumua kama aliyepanda mlima. Msimu mmoja ulikuwa umempita, na wa pili pia.

Alimwona Karani kwanza. Akamtambua, na uso wote ukafunguka.

"Ni mzee wa hospitali!" akamwambia mteja wake, akicheka na kutafuta hewa kwa pamoja. "Si nilikwambia wataniita? Wewe ukaniambia nimesahaulika. Nilikwambia, watu wale wana utaratibu wao, tusiwasumbue, wataniita tu. Shoga yangu, utanisamehe, kichwa chako tutamalizia siku nyingine."

Akainama, akavuta viatu kutoka chini ya kiti, akaanza kufungua kamba zake kwa vidole vyenye haraka.

Karani alivua kofia. Alisogea hatua moja kando, Mama Pacha akabaki peke yake mlangoni, mwanga mgongoni, akivitazama vile vidole.

"Usivae, mdogo wangu," akasema. "Weka viatu chini kwanza, ukae, nikwambie nilichokufanyia."